Athari za Ujenzi wa Bandari kwa Mazingira na Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Arusha na Moshi

Maswali yaliyomo humu yameulizwa Arusha na Moshi, mengi yao na wanafunzi, mawakala wa forodha, wasafirishaji wa mizigo na wazee waliowahi kufanya kazi reli, katika miaka ambayo habari za kupanuliwa kwa bandari ya Tanga zimekuwa zikifika huku bara pamoja na matumaini ya kushuka kwa gharama za kontena. Mwandishi anaishi Arusha na kazi yake ni kupitia ripoti za tathmini. Pale anapotoa maoni yake mwenyewe badala ya sheria au sayansi, amejitahidi kusema hivyo waziwazi.

Bandari iko Tanga, sisi tuko chini ya Meru na Kilimanjaro. Athari zake zinatuhusu nini?

Zinatuhusu kwa njia tatu, na ya kwanza ndiyo inayosahaulika zaidi: bandari hujengwa kwa ajili ya mzigo, na mzigo wenyewe ni wetu. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ikabeba mkonge na kahawa kwenda melini, ikaja kulala kwa miaka, kisha treni za mizigo kati ya Tanga na Moshi zikarudi mwaka 2019 na treni ya abiria ikafika tena Arusha mwaka 2020. Katika kipindi hicho hicho kina cha bandari ya Tanga kilichimbwa kutoka mita 3 hadi mita 13, ili meli kubwa zifunge gatini badala ya kutia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari. Ripoti ya mradi wowote wa namna hiyo huanza kwa kueleza kwa nini mradi unahitajika, na jibu huwa ni mahitaji ya mikoa ya kaskazini na ya nchi jirani. Mfanyabiashara wa Moshi, apende asipende, tayari yumo ndani ya ripoti kama hoja ya kuhalalisha ujenzi.

Njia ya pili ni malori yatakayoongezeka Segera, Mombo, Same na Himo, pamoja na familia zilizojenga ndani ya hifadhi ya reli. Ya tatu ni Mto Pangani, ambao tutaurudia mbele.

Tathmini ya athari kwa mazingira na jamii ni nini, na inatofautianaje na upembuzi yakinifu?

Upembuzi yakinifu huuliza kama mradi utajengeka na kama utalipa. Tathmini ya athari huuliza nani au nini kitapoteza mradi ukijengwa, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na hasara hiyo inaweza kuepukwa vipi. Tathmini inayostahili jina lake hupima hali ilivyo kabla ya ujenzi, hutabiri mabadiliko, hulinganisha njia mbadala, na hutoa mpango wa usimamizi wenye gharama na majina ya wahusika. Kazi hizi mbili zinapaswa kwenda sambamba, mhandisi na mtaalamu wa viumbe wa baharini wakiketi meza moja. Kwa bahati mbaya mara nyingi mtaalamu wa mazingira huitwa baada ya ramani kukamilika, akaombwa, kwa lugha ya heshima, aandike kitu kitakachoipitisha.

Sheria inasemaje, na cheti hutolewa na nani?

Msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza au kugharamiwa, na inayosema kwamba leseni au kibali cha mamlaka nyingine hakimruhusu mwenye mradi kuendelea bila cheti cha tathmini. Kanuni zake ni za mwaka 2005, zikarekebishwa mwaka 2018, na bandari imo katika kundi la miradi ambayo tathmini kamili ni ya lazima. Mradi husajiliwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi wetu tunaliita NEMC na ambalo lina ofisi ya kanda hapa Arusha. Wataalamu waliosajiliwa huandaa hadidu za rejea, yaani maelezo ya nini kitachunguzwa, hufanya utafiti na kuwasilisha taarifa. Taarifa hupitiwa na kamati ya wataalamu, na uamuzi wa mwisho juu ya cheti uko chini ya Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Mradi ukikopeshwa na Benki ya Dunia, viwango vyake 10 vya mazingira na jamii vilivyoanza kutumika mwaka 2018 huongezwa juu ya sheria ya nchi, na kwenye suala la wavuvi, kama tutakavyoona, nyongeza hiyo si ndogo.

Wakati sahihi wa kufanya tathmini ni upi?

Kabla ya mahali kuchaguliwa. Hili ndilo jibu ambalo mwandishi angependa lisomwe hata kama mengine yote yatarukwa, kwa sababu madhara makubwa ya bandari huamuliwa na kitu kimoja, yaani pale ilipokaa, na baada ya uamuzi huo kupita kinachobaki ni kupunguza makali.

Mfano ulio karibu nasi ni Mwambani, kusini mwa jiji la Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 majarife ya wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani yalianza kunasa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walimdhania ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye sasa yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552, kutoka karibu na mdomo wa Mto Pangani kwenda kaskazini hadi maeneo ya jiji. Ghuba ya Mwambani, iliyotajwa kwa miaka mingi kuwa mahali pa bandari mpya ya kina kirefu na mwanzo wa reli ya kwenda Arusha hadi Musoma, imo ndani ya mipaka hiyo.

Tathmini inayoanza kwa kudhani kwamba bandari ni lazima ikae Mwambani itajadili namna ya kuchimba kwa upole katika makazi ya silikanti. Tathmini inayoanza mapema zaidi itauliza kama bandari ya zamani ikiongezwa kina na magati haitoshi, kama ghuba nyingine isiyo na hifadhi ingefaa, na kama reli iliyopo, ikikarabatiwa, haiwezi kuondoa sehemu ya haja ya gati jipya. Swali la namna hii huwa pana kuliko mradi mmoja, na ndiyo maana sheria ya 2004 inatambua pia tathmini ya kimkakati, inayofanywa juu ya sera, mpango au ukanda mzima. Kuongezwa kina kwa bandari ya Tanga kunaonyesha kwamba njia mbadala huwa zipo. Hata hiyo haikosi madhara, lakini madhara yake yanaangukia ghuba ambayo meli zimekuwa zikiingia kwa zaidi ya karne moja.

Kuchimba kina cha bahari kunaharibu nini hasa?

Kunaharibu mambo mawili yanayoonekana na mawili yasiyoonekana. Yanayoonekana ni sakafu ya bahari inayoondolewa pamoja na kila kilichoishi juu yake, na wingu la tope linalosambaa. Tope huzuia mwanga, na mwanga ndio chakula cha majani bahari na cha vimelea rafiki wanaoishi ndani ya matumbawe. Majani bahari yakifa, kasa wa kijani na nguva hukosa malisho na samaki wadogo hukosa maficho, hata kama hakuna aliyewagusa. Matumbawe hufukiwa taratibu, kwa vumbi laini linalotua siku baada ya siku, wala hayahitaji kupondwa ili yafe.

Yasiyoonekana ni sumu ya zamani na kelele. Mashapo ya bandari iliyotumika kwa miaka mingi huwa na metali nzito, mafuta na mabaki ya rangi za meli zenye bati, ambazo zimepigwa marufuku kimataifa tangu mwaka 2008 lakini bado zimelala chini. Mashapo hayo yakichimbwa bila kupimwa, kilichokuwa kimetulia kinarudi kwenye maji na kuingia kwenye kombe, chaza na samaki. Kelele ya kukita nguzo za gati nayo husafiri mbali sana majini, na pomboo, wanaoishi kwa kusikia, hulazimika kuhama. Ndiyo maana mkandarasi hutakiwa kuanza kugonga polepole, akiwapa wanyama nafasi ya kuondoka, na kusimama pindi wanapoonekana karibu.

Muulize mwenye ripoti maswali haya. Je, hali ya maji ilipimwa katika kaskazi na katika kusi, au timu ilikwenda wiki mbili za Januari bahari ikiwa shwari? Tope litamwagwa wapi, na ni nani alichunguza sakafu ya hapo? Ni kiwango gani cha uchafu wa maji kitakachomlazimisha mkandarasi kusimamisha mtambo, na nani mwenye mamlaka ya kumsimamisha usiku wa manane? Neno kuhusu mapazia ya kitambaa yanayotundikwa majini kuzuia tope: yanafaa mahali pa maji matulivu, lakini ripoti huyaandika kila mahali, hata kwenye pwani ambayo maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na kuyakunja kama shuka kwenye kamba.

Ni kweli kwamba bandari inaweza kula ufuo wa kijiji kilicho mbali?

Ni kweli. Mawimbi yanayopiga ufuo kwa mshazari husukuma mchanga ukatembea kando ya pwani mwaka mzima, na kila ufuo huishi kwa mchanga unaoletwa na jirani yake. Ukuta wa kuvunja mawimbi ukijengwa kuingia baharini, mchanga hujazana upande mmoja na upande wa pili hubaki na njaa, ukaanza kumomonyoka. Bandari ya Lomé nchini Togo, iliyojengwa miaka ya 1960, ndiyo mfano unaotajwa zaidi Afrika: ufuo wa mashariki yake umeliwa kwa miongo, nyumba na barabara zikaenda na maji, na mmomonyoko ukasogea kilomita nyingi kutoka bandarini. Somo kwa msomaji wa ripoti ni kuangalia ramani ya eneo la utafiti. Mstari ukiwa umechorwa mita mia chache kuzunguka gati, jambo hili halikuchunguzwa, hata kama neno mmomonyoko limeandikwa mara 40.

Mikoko ikikatwa, si itapandwa mingine?

Inaweza kupandwa, na mara nyingi hupandwa pasipofaa. Mkandaa, mchu, mkoko na mlilana kila mmoja una kina chake cha maji na tope lake, na miche iliyochomekwa kwenye ufuo ulio wazi kwa mawimbi hufa katika msimu wa kwanza, picha za uzinduzi zikiwa zimeshapigwa. Mikoko ya nchi hii ni hifadhi ya misitu ya serikali, kwa hiyo kuikata kunahitaji kibali cha pekee hata kama cheti cha mazingira kipo. Kabla ya kujadili upandaji, uliza kama barabara ya kuingia bandarini ilikuwa na lazima ya kupita hapo.

Na meli zenyewe zikianza kuja?

Meli isiyo na mzigo hubeba maji ya farumi ili isiyumbe, na maji hayo, yaliyochotwa bandari ya mbali, hubeba viumbe wageni wanaoweza kustawi na kuwafukuza wenyeji. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti jambo hili ulianza kutumika Septemba 2017. Moshi wa meli una salfa, ingawa tangu Januari 2020 kiwango kinachoruhusiwa katika mafuta ya meli duniani ni asilimia 0.50. Umwagikaji wa mafuta hutokea kwa nadra, lakini ukitokea hauna simile: meli ya Wakashio ilipopanda mwamba Mauritius mwezi Julai 2020, takriban tani 1,000 za mafuta ziliingia kwenye rasi yenye matumbawe. Ripoti iseme boya za kuzuia mafuta zitahifadhiwa wapi na zitachukua saa ngapi kufika majini.

Nani hulipwa fidia, na je, mvuvi yumo?

Mwenye shamba, nyumba au mnazi yumo. Sheria ya utwaaji ardhi ni ya mwaka 1967, lakini hesabu ya fidia hufuata sheria za ardhi za mwaka 1999 na kanuni zake, zinazotaka thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, fidia ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ya miezi 36 na faida iliyopotea pale inapohusika. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba huanza kuhesabiwa, na uthamini uliokaa miaka 2 bila kulipwa hupitwa na wakati na kutakiwa kurudiwa. Watu wa Arusha wanaosikiliza habari za fidia kandokando ya reli na barabara watayatambua maneno haya.

Mvuvi hayumo kwa urahisi huo, kwa sababu bahari haina hati. Mtu ambaye babu yake alitega madema katika mwamba ule ule hawezi kumwonyesha mthamini mipaka. Mama anayekwenda kwa miguu kukusanya pweza na kombe maji yanapokupwa, au anayefunga kamba za mwani kwenye maji ya magotini, mara nyingi haandikwi hata kama mvuvi, kwa kuwa hana chombo. Gati likijengwa, wote hawa hupoteza mara mbili: eneo lenyewe, na njia ya kulifikia, kwa sababu kila bandari huzungukwa na eneo la usalama lisiloingiwa na vyombo vingine. Huko Chongoleani, Tanga, mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, suala la wavuvi na gati la kupakia mafuta ni la aina hiyo hiyo.

Hapo ndipo viwango vya wakopeshaji hutangulia sheria ya nchi, kwa kuwa vinatambua mtu aliyehamishwa kiuchumi, yaani aliyepoteza riziki bila kupoteza nyumba. Kenya walilifikisha suala hili mahakamani. Wavuvi na wakazi wa Lamu walipinga namna bandari ya Lamu ilivyoanzishwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ikaona kwamba tathmini ya kimkakati haikufanywa inavyopasa na ushirikishwaji wa wananchi ulikuwa na kasoro, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Kwa maoni ya mwandishi, jambo la kujifunza hapo ni la hesabu kama lilivyo la haki: kuwaorodhesha wavuvi hao mwanzoni, kwa kutumia vikundi vyao vya usimamizi wa fukwe, kungegharimu sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Mikutano ya wananchi ni ya kweli au ni ya kutia sahihi tu?

Iko ya namna zote mbili, na kalenda ndiyo inayofichua. Anayejua pwani hataitisha mkutano wa wakusanya pweza siku za bamvua, kwa sababu hizo ndizo siku maji yanapokauka mbali na kazi yao iko huko nje. Ataitisha wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Ripoti huambatanisha orodha ya mahudhurio yenye sahihi, nayo husomeka vizuri mtu akiwa na tarehe za mwezi mkononi. Angalia pia wangapi ni wanawake, wangapi walizungumza, na kama maoni yaliyotolewa yalibadilisha chochote katika ramani. Ukurasa unaosema kwamba wananchi wote waliupokea mradi kwa furaha hauna faida kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye mradi.

Vipi kuhusu makaburi na magofu?

Pwani ya Tanga ina magofu ya Tongoni, yenye msikiti wa kale na makaburi mengi ya nguzo, na Bagamoyo, iliyowahi kutajwa kwa bandari nyingine kubwa, ina Kaole. Urithi kama huu hauhamishiki. Makaburi ya kawaida ya ukoo yanaweza kuhamishwa kwa taratibu za kisheria na za dini, lakini gharama ya kweli huwa ni muda wa kuzungumza na wazee, na muda ndio kitu ambacho ratiba ya mkandarasi haina.

Mtaalamu analipwa na mwenye mradi. Kwa nini niamini alichoandika?

Usimwamini kwa sababu ya cheo chake, mpime kwa kazi yake. Mgongano wa maslahi upo na haufichiki, na ndiyo sababu kuna kamati ya kupitia, maoni ya wananchi na kusajiliwa kwa wataalamu. Kwa miradi mikubwa gharama ya tathmini mara nyingi haifiki asilimia 1 ya gharama yote, kwa hiyo hoja kwamba fedha hazikutosha kupima misimu miwili haina uzito.

Niliwahi kuletewa ripoti ya mradi wa pwani ambayo katika orodha ya samaki wa eneo hilo walikuwamo sangara na sato. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yamechoka. Bahari ya Hindi haina sangara wa Ziwa Victoria. Kilichotokea ni kwamba mtu alinakili sura nzima kutoka ripoti ya mradi wa ziwani na kubadilisha majina ya vijiji. Makosa ya namna hii ni msaada kwa msomaji wa kawaida, maana hahitaji shahada kuyaona. Mwenyeji anayejua samaki, miti na pepo za kwao ni mkaguzi mzuri kuliko anavyojidhania.

Mto Pangani unaingiaje katika habari ya bandari?

Unaingia kupitia kile kinachoitwa athari limbikizi, yaani madhara ya mradi mmoja yakijumlishwa na yaliyokwisha kuwapo. Kikuletwa kutoka upande wa Meru na Ruvu kutoka upande wa Kilimanjaro hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto hushuka hadi mji wa Pangani na kuingia baharini. Bwawa hushika mashapo, mashamba ya umwagiliaji ya Arusha na Kilimanjaro hunywa maji, na kinachofika mdomoni ni kidogo kuliko zamani, hivyo chumvi hupanda mtoni na ufuo hupata mchanga haba. Juu ya pwani iliyokwisha kudhoofika namna hiyo ndipo tope la uchimbaji na ukuta wa bandari huongezwa. Ripoti inayopima bandari peke yake itasema athari ni ndogo, na pengine itakuwa sahihi kwa kipimo chake. Kosa liko kwenye kipimo. Ofisi ya bodi ya maji ya bonde hili iko Moshi, na takwimu za mtiririko wa mto hazihitaji kutafutwa Tanga.

Mahakama zilizopo hapa Arusha zinaweza kufanya nini?

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki husikiliza malalamiko kwamba nchi mwanachama imevunja Mkataba wa Jumuiya, ambao una vifungu vya kulinda mazingira. Mwaka 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba barabara ya lami iliyopendekezwa kupita kaskazini mwa Serengeti ingekiuka Mkataba. Lakini mlango wake hufungwa mapema: malalamiko ni lazima yafikishwe ndani ya miezi 2 tangu kitendo kutokea au mlalamikaji kukijua. Shauri dhidi ya bomba la mafuta la kwenda Tanga, lililofunguliwa mwaka 2020, lilitupwa Novemba 2023 kwa sababu ya muda, bila hoja za mazingira kusikilizwa. Kwa wengi njia ya karibu zaidi ni ya nyumbani, kwa kuwa sheria ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka.

Je, mabadiliko ya tabianchi yanabadilisha tathmini?

Yanaibadilisha kwa upande ambao haukuzoeleka: pamoja na kupima bandari itaifanyia nini bahari, inabidi kupima bahari itaifanyia nini bandari. Gati hutumika kwa miongo mingi, usawa wa bahari unapanda, na kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu Mei 2024 kiliwakumbusha wahandisi kwamba ukaribu wetu na ikweta si kinga kamili.

Cheti kikishatolewa, kazi imekwisha?

Hapo ndipo ahadi huanza kudaiwa. Cheti huambatana na masharti, mwenye mradi hutakiwa kufuatilia na kutoa taarifa, na ukaguzi wa mazingira hufanyika baadaye kulinganisha utabiri na hali halisi. Udhaifu wa mfumo wetu, kwa maoni ya mwandishi, uko hapa kuliko kwenye utoaji wa vyeti. Mkandarasi huondoka, wasimamizi hubadilishwa, na taarifa za ufuatiliaji hukaa kwenye makabati wakati ambapo kipimo kimoja cha tope kilichobandikwa kila wiki kwenye ubao wa soko la samaki kingetosha kumtuliza au kumwamsha kila anayehusika.

Nimepata ripoti yenye mamia ya kurasa. Nianzie wapi?

Ruka muhtasari kwanza, kwa kuwa huandikwa kumpendeza mwenye haraka. Anza na sura ya njia mbadala. Ikiwa na kurasa 2 tu, na ya pili ikisema kwamba kutojenga kutainyima nchi maendeleo, umeshajua mengi. Nenda kwenye ramani ya eneo la utafiti, halafu tarehe za vipimo vya baharini, halafu orodha ya mahudhurio. Mwisho fungua jedwali la mpango wa usimamizi na ushuke na safu ya gharama mstari kwa mstari. Ukikuta hatua imeelezwa vizuri lakini fedha yake haikuandikwa, au mhusika wake ni neno "wadau", iandike namba ya mstari huo na upeleke swali lako kwa maandishi NEMC kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maoni, ukibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.